Shati na Nesi

Kabla hajamruhusu mtu yeyote kutoa simu mfukoni, mwalimu huyu wa Kiingereza huandika ubaoni maneno mawili: shati na nesi. Kisha huuliza yamefanana wapi. Darasa hucheka. Mmoja atasema yote mawili hupatikana hospitali, mwingine atasema nesi naye huvaa shati. Huwaacha mpaka utani uwaishe, halafu chini ya kila neno huandika lile la Kiingereza lililolizaa, "shirt" na "nurse", na kuwaeleza kwamba katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kile kinachofundishwa vitabuni, irabu ya maneno hayo ni moja. Ileile, haipungui wala haizidi. Sisi ndio tulioigawa. Mababu zetu walikuwa na masikio yenye vyumba vitano vya irabu; mgeni akabisha hodi, chumba chake hakikuwapo, basi siku moja akalazwa kwenye a, siku nyingine akalazwa kwenye e. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "bank" na "tank". Kwa Mwingereza yana vina sawa, nasi tukapata benki na tanki.

"Hapo ulimi umekosa nini?" huuliza. Darasa likinyamaza, hujijibu mwenyewe. "Ulimi haujakosa kitu. Umesema ulichoambiwa na sikio."

Nilikaa nyuma ya darasa lake, katika chuo kimoja cha Morogoro, kila Jumanne kwa karibu nusu ya muhula. Nilikwenda nikidhani naenda kuandika habari za simu: vijana, teknolojia, mambo hayo. Siku ya kwanza nilihesabu simu, nikaandika aina zake, nikaandika na bei ya bando. Kurasa hizo nilizichana baadaye. Simu zilikuwapo kweli, tena kila mahali, juu ya meza na ndani ya mikoba na hata moja iliyofungwa kwenye pindo la khanga, lakini ukimtazama fundi seremala huku macho umeyakaza kwenye randa tu, hutaona mlango unavyotokea.

Kazi yenyewe, ya kufundisha matamshi, ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1886 huko Paris kikundi cha walimu wa lugha kiliunda chama cha fonetiki, kwa kuwa walichoka kuona wanafunzi wanaosoma Kiingereza na Kifaransa vizuri kwa macho huku vinywa vyao vikiwa vimefungwa. Kutoka kwao tulipata zile alama za matamshi tunazozikuta kwenye kamusi baada ya kila neno, ambazo wengi wetu huziruka. Baadaye akaja Daniel Jones wa University College London, mtu aliyetoa kamusi ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917. Katika shule yake ya fonetiki, mwanafunzi alisomewa imla ya maneno yasiyo na maana yoyote, ayaandike kama alivyoyasikia. Maneno ya bure kabisa. Kwa nini? Kwa sababu neno lenye maana hukusaidia kulikisia, na anayekisia hasikilizi tena.

Mwalimu wetu bado anafanya hivyo. Anasimama, anatamka kitu kama "thiv" au "nguzh", na watu 80 wanainama kwenye daftari kama wanaandika siri ya serikali.

Themanini, nimesema. Hesabu hiyo ndiyo iliyomleta kwenye simu, wala si mapenzi ya mitambo. Kipindi kina dakika 60. Ukizigawa kwa wanafunzi 80, kila mmoja anapata sekunde 45 za kusikilizwa kwa wiki, na hapo mwalimu hajafungua kinywa wala hajaita majina. Matamshi hayafundishiki hivyo. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwa kumwonyesha mto kupitia dirisha la basi. Tena darasani kuna jambo jingine, zito zaidi ya muda: kicheko. Lugha yetu ya mtaani inamsema anayezungumza Kiingereza kwamba anamwaga ung'eng'e, na neno lenyewe limetengenezwa kwa kejeli, limepita puani makusudi. Anayekisema vibaya anachekwa, anayekisema vizuri sana anachekwa zaidi, kwamba anajifanya. Wenzetu wa Kenya hata wana kitenzi cha kumcheka anayechanganya l na r, wanasema ameshrabu. Katika hali hiyo mwanafunzi mwenye akili hukaa kimya, na hakuna mwalimu anayeweza kurekebisha ukimya.

Simu ikampa chumba chenye mlango. Mwanafunzi anajirekodi peke yake, anafuta, anajirekodi tena, anafuta, na ile anayoridhika nayo ndiyo anayoituma. Mwalimu anasema kufuta ndiko kunakofundisha. Aliyetuma baada ya kufuta mara saba amejisikiliza mara saba, na hakuna zoezi la kitabuni ambalo mtu angelirudia mara saba kwa hiari yake.

Hata hivyo, zoezi la kwanza halina Kiingereza ndani yake. Kila mmoja anajirekodi kwa Kiswahili, nusu dakika, akieleza njia ya kutoka nyumbani kwao hadi stendi. Kisha anajisikiliza. Jumanne ile vimbweta vya nje vilijaa watu wenye nyuso za waliopewa chumvi wakidhani ni sukari. "Huyu siyo mimi!" Kijana mmoja mrefu alimrudishia rafiki yake simu kana kwamba imeharibika. Haikuharibika. Mtu anaposema, sauti yake humfikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu lake, na mifupa huinenepesha. Rekodi humpa ile ya hewani peke yake, ile ambayo watu wote wengine wameisikia tangu utoto wake. Mwalimu anawapa wiki nzima ya kuzoea. Anajua kwamba mtu asiyeweza kuivumilia sauti yake hataweza kulisikia kosa lake. Atakuwa amebanwa na aibu, na aibu ni kelele.

Kuna jambo dogo la ufundi ambalo lilinifurahisha. Hapigi simu kamwe. Mwanafunzi akimpigia aulize jinsi ya kutamka neno, anamwambia akate na amtumie voisi. Nilidhani ni kubana salio. Kumbe simu ya kupiga, kwa desturi yake ya tangu enzi za waya, hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na yaliyo juu huyatupa. Kwa mazungumzo ya kawaida inatosha. Lakini nguvu kubwa ya s iko juu ya hapo, na bila hiyo s na f huanza kufanana, na th inapotea katikati yao. Ndiyo maana tukitaja jina kwenye simu tunaanza kusema F ya Fatuma, S ya Salima. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa hubeba zaidi ya hapo. Mwalimu amechagua chombo kama mshonaji anavyochagua sindano. Zote ni sindano, lakini si zote za hariri.

Na jinsi ya kurekodi ameifundisha pia. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isipokuwa kwa zoezi moja nitakalolieleza. Kwa kuwa chumba cha hosteli kina watu sita na pangaboi linalolia, ujifunike shuka au uingize kichwa kwenye kabati la nguo, maana vitambaa hunyonya mwangwi. Binti mmoja alinieleza kwamba mama yake alimkuta likizoni ndani ya kabati akisema "sheep, ship, sheep, ship", akamwita shangazi.

Baada ya hapo inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo mwalimu mwenye haraka angeiruka. Wiki mbili nzima hakuna anayesema Kiingereza. Wanasikiliza tu. Kila asubuhi kwenye kundi la darasa zinaingia sauti fupi fupi: neno moja, kisha la pili, na mwanafunzi anajibu kwa tarakimu. Moja kama yamefanana, mbili kama yametofautiana. "Full" na "fool". "Cut" na "cat". Sauti hizo si zake peke yake. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiomba watu wamrekodie: mwenzake wa Kampala, mtawa wa Kiairishi, kijana wa Kinigeria aliyekutana naye kwenye semina, mzee wa Kiskoti mwenye sauti ya kukwaruza. Nilimuuliza kwa nini asiwarekodie mwenyewe, angemaliza kwa nusu saa.

Akanisimulia habari za Wajapani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Logan, Lively na Pisoni, waliwafundisha Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza kwa kusikiliza. Wale waliofunzwa kwa sauti za watu wengi waliweza kutofautisha hata kwa mtu ambaye hawajawahi kumsikia. Waliofunzwa kwa sauti ya mtu mmoja walimjua yule mmoja. Alipokuja mgeni, wakapotea. "Nikiwarekodia mimi," alisema, "watanijua mimi. Mimi nitawafaa nini?"

Hiyo r na l haianzi na Kiingereza hata hapa kwetu. Kabla ya kuwapa "right" na "light" anawapa kura na kula. Wapo ambao lugha ya nyumbani haikuwatenganishia hizo mbili, na kwao jozi ya Kiswahili ni mlango wa karibu zaidi. Hamuulizi mtu anatoka wapi. Anatuma sauti, anapokea tarakimu, anaandika kwenye daftari lake la mistari. Wenye shida anawaongezea sauti faraghani, na wengine hawajui kamwe kuwa wenzao walipewa dawa.

Ulimi unaporuhusiwa hatimaye kufanya kazi, mwalimu anafungua sanduku la Kiswahili. Hapa ndipo nilipoanza kumhusudu. Walimu wengi wa Kiingereza wamezoea kukiona Kiswahili kuwa ni tope la kuoshwa kinywani. Yeye anakiona ghala. Anauliza nani anasema dhahabu na nani anasema zahabu; nani anasema thelathini na nani anasema selasini. Waliosema dhahabu na thelathini anawaambia wanazo tayari sauti mbili ambazo Wafaransa na Wajerumani hutokwa jasho kuzipata. Th ya thelathini ni ya "three". Dh ya dhahabu ni ya "the". Wengine wanaonyeshwa kwa jirani yao: ncha ya ulimi kati ya meno, basi.

Jumanne moja kijana wa Kilwa aliinua mkono akasema, "Madamu, hii si makhraji?" Alikuwa amesoma madrasa. Huko aliambiwa kila herufi ina mahali pake pa kutokea, na ustadhi alimrudisha aya moja siku nne kwa ajili ya thaa moja. Mwalimu, ambaye ni Mkristo wa Upareni, alifurahi kama aliyeokota hela njiani. Akamwomba aje mbele aeleze. Kijana akaeleza ulimi, meno, koo, kina cha koo. Akasema na jinsi mjomba wake alivyojifunza kwa kanda za Sheikh al-Husary wa Misri, ambaye rekodi yake kamili ya Qurani ilitoka mwaka 1961, akisimamisha kanda, akirudia, akirejesha nyuma. Darasa zima likaona kwamba kumsikiliza aliyerekodiwa, kumrudia na kujilinganisha naye si jambo lililoletwa na simu janja. Pwani yetu imelifanya kwa heshima kubwa kwa muda mrefu, kwa lugha nyingine.

Ng'ombe naye yumo ghalani. Kiingereza kinaandika "singer" na "finger" kwa herufi zilezile katikati, na mgeni hana njia ya kujua kwamba matamshi ni mawili. Tahajia ya Kiswahili inajua. Mwalimu anaandika sing'a na finga, anaweka ile alama ndogo juu, na jambo linalochukua ukurasa mzima kwenye kitabu cha Kiingereza linaisha kabla chaki haijatua. Nilimwona binti wa mstari wa mbele akijitamkia polepole, "sing'ing'", akicheka mwenyewe.

Na paa. Wazee wa Mombasa na Lamu husema paa la nyumba kwa p kavu, na paa mnyama wa porini kwa p yenye pumzi. Kiingereza kina pumzi hiyohiyo mwanzoni mwa "pin", na kinaikosa katika "spin". Sasa lile zoezi la pekee: simu inaletwa karibu kabisa, mbele ya mdomo, kinyume cha kanuni. Sema "pin". Kama pumzi imetoka, kipaza sauti kinapigwa na upepo na rekodi inatoa mlio wa bofu, kama mtu aliyepiga godoro. Sema "spin". Kimya. Kasoro ya kipaza sauti cha bei rahisi imegeuzwa kipimo. Mwanafunzi hahitaji kumuuliza mtu kama amepatia. Godoro limelia au halikulia.

Irabu ni ngumu zaidi, kwa sababu haziguswi. Ulimi hauegemei popote, unaelea tu. Kiingereza hicho cha vitabuni kina irabu 20 ukihesabu na zile zinazoteleza, kwa tano zetu. Hapa mwalimu anatumia macho. Kinasa sauti cha simu huchora wimbi unaposema, na wimbi likichorwa, urefu unaonekana. Anawarekodisha "back" na "bag". Wengi wanasema "bagi", maana kinywa kilicholelewa na silabi wazi hakipendi kufungia neno kwa konsonanti. Kinatafuta irabu ya kumalizia kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kikombe. Anawaambia waache kuhangaika na g. Waangalie wimbi la mwenye lugha: irabu ya "bag" ni ndefu, ya "back" imekatwa. Ile g ya mwisho Mwingereza mwenyewe haitamki kwa nguvu. Sikio lake linaitambua kwa urefu wa irabu iliyotangulia. Refusha irabu, g itakuja yenyewe. Ili wahisi urefu anawapa kufa na kufaa.

Lakini kwa "ship" na "sheep" anawakataza kutegemea urefu peke yake, ingawa shule nyingi zimefundisha hivyo. Irabu ya "ship" si i iliyofupishwa. Imekaa njiani kati ya i na e, imelegea. Alitumia dakika 20 kwa irabu hiyo moja. Sema i. Sema e. Toka i uende e polepole, bila kukatiza, kama unashuka kilima. Simama. Hapana, umepita. Rudi. Umepita tena. Mimi nyuma ya darasa nilikuwa nashuka na kupanda kimoyomoyo, na mwishoni sikujua tena i yangu ya asili iko wapi.

Alinikamata. Siku ile aliniambia mbele ya wote kwamba wageni darasani kwake hawakai bure, nami nitume sauti kama wengine. "Shirt" na "nurse". Nikacheka, nikadhani amesahau.

Unaweza kudhani mtu wa namna hii anataka kuwatoa wanafunzi wake wakisema kama watangazaji wa London. Hataki. Kuna makosa anayoyapita kama hayaoni, na nilichukua muda kutambua kwamba kuyapita huko ndiko kuliko na elimu nyingi zaidi. Mwaka 2000 msomi wa Uingereza, Jennifer Jenkins, alichapisha kitabu juu ya matamshi ya Kiingereza kama lugha ya watu wa mataifa mbalimbali. Alitazama mahali ambapo wageni kwa wageni wanaposema Kiingereza wanaacha kuelewana. Yaliyovunja maelewano hayakuwa yale yanayochekwa sana. Th ukiikosa, watu wanakuelewa tu. Lakini konsonanti zilizofuatana mwanzoni mwa neno ukizipunguza, urefu wa irabu ukiuvuruga, mkazo wa sentensi ukiuweka kwenye neno lisilo lake, mwenzako anapotea. Pumzi ya p, t na k aliiweka miongoni mwa ya lazima. Na kati ya irabu zote, moja aliitaja kuwa sura yake ilindwe: ileile ya shati na nesi.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyesema "zis" badala ya "this" siku ile hakuambiwa neno. Anayetaka kuipata ataipata kwa dhahabu. Asiyeitaka ataajiriwa vilevile. Aliyesema "fast" akimaanisha "first" alirudishwa mara tatu. Mkazo nao haupati msamaha. Kiswahili kimetuzoesha mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tunayo maneno machache tu ya kutukumbusha kwamba ungeweza kuhama, kama barabara ya magari na barabara ya kusema sawasawa. Kiingereza kinauhamisha ovyo: "photograph" unakaa mwanzo, "photography" unaruka mbele, na silabi zilizoachwa zinanyauka, irabu zake zinakuwa kivuli tu. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kila irabu ni ya kutamkwa kikamilifu, kunyausha huko ni kama utovu wa adabu. Anawaambia wasikilize voisi ya Mskoti kwa kasi maradufu. Maneno madogo yanayeyuka na vichwa vya mkazo vinabaki vimesimama kama nguzo za umeme ukiwa ndani ya basi. Nilijaribu nikiwa kwenye daladala. Ni kweli.

Mashine ya simu inayoandika unachosema anaitumia, kwa shingo upande. Vijana waliigundua wenyewe: sema neno, tazama kilichoandikwa. Tatizo la mashine hiyo ni ukarimu. Ukiipa sentensi nzima inakisia kwa muktadha, inakuandikia ulichokusudia badala ya ulichosema, na mwanafunzi anafurahia ushindi wa uongo. Ndiyo imla ya Daniel Jones imegeuzwa juu chini. Kwa hiyo anaruhusu neno mojamoja tu, na hukumu ya mwisho anabaki nayo yeye.

Hukumu hiyo hutolewa usiku. Aliniruhusu kukaa naye mara moja sebuleni kwake, chai ya tangawizi mezani, mume akitazama mpira chumba cha pili kwa sauti ya chini kwa amri. Sauti 80 za nusu dakika ni dakika 40 za kusikiliza. Yeye husikiliza kila moja mara mbili na kujibu, kwa hiyo huwa karibu saa mbili. Mara ya kwanza anafumba macho. Mara ya pili anashika kalamu. Kabla mtu hajasema lolote anajua mengi: huyu yuko karibu na msikiti, huyu mvua imemkuta chini ya bati, huyu amerekodi akiwa amelala chali kwa hiyo taya limeachia. Wawili hawana simu za maana, wana vitochi, basi hutuma kwa simu za wenzao na kuanza kwa kutaja jina.

Jibu lake kwa kila mmoja halizidi sekunde 15, na lina jambo moja. Moja tu, hata kama amesikia makosa tisa. Tisa yanakwenda daftarini. Kwanza anataja kilichokaa vizuri, kwa usahihi, si kwa kupaka mafuta: "K yako ya mwisho leo imefunga." Kisha kosa. Kisha neno lenyewe mara mbili, polepole na kwa mwendo wa kawaida. Sifa anaweza kuipeleka kwenye kundi wote waisikie. Kosa linabaki kati yao wawili. Ilipofika sauti ya yule kijana mrefu aliyeikana sauti yake, aliisikiliza mara nne, akatikisa kichwa, akaenda kurasa nyingi nyuma kwenye daftari. Aliniwekea ya wiki ya nne, kisha hii ya leo. "Umesikia?" Sikusikia tofauti yoyote, nikasema hivyo. Hakukasirika. Akaniwekea tena. Mara ya tano hivi kitu kikafunguka: ile "work" ya mwanzo ilikuwa "wak", na hii ya sasa ilikuwa imesogea, haijafika, iko njiani mahali fulani. Kijana alikuwa amesafiri upana wa unywele kwa wiki sita, na kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemwona akiwa safarini.

Alimjibu kwa sekunde 11.

Kesho yake nilirudi Dar es Salaam na basi la jioni. Nikiwa nyumbani nikafunga mlango, nikajifunika shuka, nikarekodi. Nikafuta. Sitataja mara ngapi. Hatimaye nikatuma, "shirt, nurse", nikaweka simu kifudifudi kama mtu aliyeposa. Alama mbili zikawa za buluu karibu mara moja, kisha kimya kirefu, nikajua anasikiliza mara ya pili.

Ujumbe ulipoingia ulikuwa wa sekunde nne.

"Nesi nimemsikia," alisema. "Shati bado."